Wakubwa wakivutana, gunia la Pemba lielekee wapi?

SWALI: Assalaam aleikum. Tuna kikundi cha akinamama kumi na wanane hapa Wete. Tunakausha na kusaga manjano, mdalasini na pilipili manga, na tunatengeneza sabuni ya mwani. Mnunuzi mmoja wa Marekani alikuwa akichukua karibu robo tatu ya mzigo wetu, na wageni waliokwisha kututembelea wakituagizia vifurushi vidogo kwa posta. Tangu habari za ushuru mpya wa Marekani zianze mwaka 2025, mnunuzi anataka tupunguze bei kwa asilimia 10, na vifurushi vimesita. Hapa kila mtu anasema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Nchi nyengine hufanyaje mambo haya yakizuka, na sisi tufuate lipi? Tuhamie China?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, wewe na wenzako.

Nianze na methali hiyo, maana inasemwa mno siku hizi. Nyasi haina miguu. Gunia la manjano linaweza kupanda mashua Mkoani na kwenda kokote, alimradi lina karatasi zake na halina ukungu. Jibu langu kwa ufupi ni hili: msihamie China, wala msimwache Mmarekani kwa hasira. Tokeni kwenye mnunuzi mmoja mfike kwenye watatu, na kabla ya kumtafuta wa pili tengenezeni mambo mawili ambayo kila soko litawauliza: uasili wa bidhaa, yaani ilikotoka khasa, na usafi wake. Nchi zilizonusurika vyema zimefanya hivyohivyo kwa kipimo kikubwa.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kuyajua haya. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, ushuru ukawekwa asilimia 5, na kufikia 1837 konseli wa Marekani alikuwa amekaa Unguja. Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikatawala soko mpaka kikapewa jina la merikani. Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, na meli zikaacha kuja na marobota. Vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Amani iliporudi, mteja alikwisha kuzoea kwa mwengine. Ubora wa merikani haukuwa umeshuka. Muuzaji hakuwapo tu. Hilo mlishike, kwa sababu nitawashauri mpunguze kuitegemea Marekani bila kukatika kabisa.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za Unguja na Pemba. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress huko India kikaunga mkono kususiwa kwa karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wateja wetu wakubwa, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kukaa mezani na kulegeza. Hapo mnunuzi alikuwa na nguvu kuliko sheria ya muuzaji.

Kisa kizito zaidi ni cha Indonesia, na hakikuhusu ushuru hata kidogo. Sigara zao za kreteki zinachanganywa na karafuu, na kwa miaka mingi baada ya uhuru wao walikuwa wakinunua kwetu na Madagascar kwa wingi. Wakaamua kupanda wenyewe. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo kila aliyetaka kuona aliweza kuona. Ilipofika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza, bei ya dunia ikaporomoka, na Pemba ikaumia kwa zaidi ya muongo mmoja. Hakuna tembo waliopigana pale. Mteja mkubwa aliondoka taratibu, mchana kweupe.

Sasa nchi za leo. China ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa kujiandaa mapema. Mvutano wa ushuru na Marekani ulipoanza 2018, ilianza kuhamishia ununuzi wa soya Brazil, mwaka hadi mwaka, ikiendelea kununua kiasi fulani Marekani. Mvutano uliporudi kwa ukali 2025, na ushuru wa Marekani dhidi ya China ukapanda hadi asilimia 145 mwezi wa Aprili kabla ya kushushwa Mei, soya haikuwa tena kamba shingoni mwa China. Ilikuwa imeshageuka kamba mkononi mwake. Vietnam nayo ilitangaziwa asilimia 46 mwezi wa Aprili 2025, ikajadiliana, ikafika 20 mwezi wa Julai. Ilipoingia kwenye mazungumzo hayo tayari ilikuwa na mikataba ya biashara na Ulaya, na Japani na jirani zake wa Asia. Mtu mwenye milango mitatu hujadiliana kuhusu mmoja bila kutetemeka.

Lesotho ndiyo ningependa muitazame kwa makini, maana ni ndogo na ilikuwa katika hali iliyo karibu na yenu. Viwanda vyake vya nguo vilitegemea sana soko la Marekani kupitia AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, ulioanza mwaka 2000. Tarehe 2 Aprili 2025 ikatangaziwa asilimia 50, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Viwango hivyo vya nchi moja moja vilisimamishwa siku ileile vilipoanza, tarehe 9 Aprili, na Agosti Lesotho ikapangiwa 15. Kwa hesabu ya forodha, ile 50 karibu haikutozwa. Lakini wanunuzi walisimamisha oda mara tu walipoisikia, viwanda vikapunguza watu, na Julai serikali ikatangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Hofu ilifanya kazi ya ushuru. Na ile AGOA yenyewe muda wake ulimalizika 30 Septemba 2025, na tangu hapo uhai wake unategemea kura za Bunge la Marekani. Hakuna kinachoweza kupangwa kwa miaka mitano juu ya jambo kama hilo.

Upande wa pili wa kisa hicho ni Madagascar. Nayo ilitangaziwa asilimia 47 wakati Tanzania imepangiwa 10. Mkulima aliyekimbia kupanda vanila kwa kutumaini tofauti ile angesubiri kiasi cha miaka mitatu apate maua ya kwanza. Tofauti yenyewe ilisimamishwa siku ileile, na Agosti Madagascar ikapangiwa 15. Msipande wala msing'oe kwa kufuata taarifa ya habari.

Tanzania nayo imekuwa ikijipanga, ingawa si kila mtu analiona. Mwaka 2016 ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya; ikiwa nchi yenye maendeleo duni, ilikuwa tayari inaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru. Benki Kuu inanunua dhahabu ya ndani, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa soko la nyumbani. India iliruhusu Tanzania kuwa miongoni mwa nchi zinazoweza kulipana nayo kwa rupia. China tangu 1 Desemba 2024 haitozi ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano nayo wa kibalozi, na sisi tumo. Visiwani kwetu madaktari wa Kichina wapo tangu miaka ya 1960, na tawi la taasisi ya teknolojia ya India ya Madras lilifunguliwa 2023. Anayeuliza serikali ichague upande gani anauliza swali ambalo Zanzibar imeshalijibu kwa vitendo. Na tukumbuke: ushuru wa forodha ni jambo la Muungano. Zanzibar haiwezi kupandisha wala kushusha kwa kujibu mapigo, kwa hiyo nguvu yetu ipo kwenye ubora, bandari na karatasi. Hapo ndipo na ninyi mlipo.

Tuje kwenye mnunuzi wenu. Marekani hutoza ushuru juu ya thamani ya FOB, yaani bei ya mzigo bila nauli ya meli wala bima ya safari. Tuseme mnamuuzia kilo 400 za manjano kwa dola 5 kilo: dola 2,000. Ushuru wa asilimia 10 ni dola 200, naye analipa jumla 2,200. Anataka mpunguze asilimia 10, mfike dola 4.50. Mzigo unakuwa 1,800, ushuru wake 180, jumla 1,980. Umeona? Analipa pungufu kuliko alivyokuwa akilipa kabla ya ushuru kuwapo. Mmebeba ushuru wote na mkamwongezea bakshishi ya dola 20. Mkiamua kugawana mzigo nusu kwa nusu, lengo ni yeye alipe 2,100. Gawanyeni kwa 1.10, inakuja 1,909, yaani kama dola 4.77 kilo. Hicho ni kipunguzo cha asilimia nne na nusu, wala si kumi. Wanunuzi wengi hawadanganyi kwa makusudi katika hili. Wanasema kumi kwa sababu ushuru ni kumi, na muuzaji hana karatasi mkononi ya kupiga hesabu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Tarehe 14 Novemba 2025 Marekani ilitangaza kuondoa ushuru ule wa nyongeza kwa bidhaa kadhaa za kilimo ambazo haizalishi vya kutosha: kahawa, chai, ndizi, kakao, viungo na kadhalika, kuanzia mizigo ya 13 Novemba. Ushuru wa kawaida wa viungo vyenu huko ulikuwa sifuri tangu zamani. Basi huenda mnaombwa kipunguzo kwa ajili ya ushuru ambao mnunuzi halipi tena. Msimtuhumu. Mwombeni kwa adabu nakala ya fomu namba 7501, ile ambayo wakala wake wa forodha hujaza kila mzigo unapoingia. Humo kuna namba ya bidhaa, thamani na ushuru uliolipwa. Angalieni namba: manjano ni 0910.30, pilipili manga nzima 0904.11, ya kusaga 0904.12, mdalasini 0906, sabuni 3401. Sabuni si chakula, haikuwamo katika msamaha ule. Ikiwa wakala amechanganya viungo na sabuni katika mstari mmoja, hapo ndipo fedha inapovuja. Tengenezeni ankara mbili, au mistari iliyotengana, kila bidhaa na namba yake. Na viwango hivi msivibandike ukutani. Vilibadilika mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Kinachohesabika ni kiwango cha siku mzigo unapoingia, kwa hiyo katika mkataba andikeni kwamba bei yenu ni ya FOB, ushuru wa nchi anakoingiza ni wa mnunuzi, na bei inadumu siku 30. Mkikubali kuuza kwa sharti la DDP, yaani mzigo ufike mlangoni kwake ukiwa umeshalipiwa kila kitu, mmechukua hatari ya ushuru wote mabegani mwenu. Msikubali.

Vifurushi vya posta ni habari nyengine, na sioni njia ya kuvifufua kama zamani. Kilichokuwa kikivibeba ni msamaha wa Marekani kwa kila kifurushi kisichozidi dola 800. Uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasitisha kupokea bidhaa za kwenda huko kwa muda kwa sababu hazikuwa na njia ya kukusanya ushuru. Kifurushi cha dola 40 kinaweza kudaiwa ushuru wa dola 4 tu, lakini gharama ya kukisindika ikawa kubwa kuliko ushuru wenyewe. Njia iliyobaki ni kumwomba mnunuzi wenu awe kituo: mnampelekea vifurushi vilivyokwisha kufungwa ndani ya mzigo mkubwa, yeye anawasambazia wateja kule. Au mgeni anunue yupo hapahapa na abebe kwenye begi lake.

Kuhusu Ulaya: kwa mpango wa kuingiza kila kitu ila silaha, bidhaa ya Tanzania inaingia bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Mlango uko wazi tangu 2001. Kinachowazuia watu mlangoni ni mambo mengine. La kwanza ni tamko la uasili: mzigo usiozidi yuro 6,000 muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko mwenyewe kwenye ankara, ukizidi hapo lazima muwe mmesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa kuandikisha wauzaji, na kupewa namba. Kilo zenu 400 hazifiki huko, kwa hiyo anzeni bila hofu. La pili ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Kwa manjano, pilipili, tangawizi na kungumanga, Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 kwa kilo ya sumukuvu aina ya B1, na 10 kwa jumla ya aina zote. Hizo ni namba ndogo mno, maana gunia moja lililolala chini kwenye sakafu yenye unyevu linaweza kuharibu matokeo ya mzigo mzima.

Sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kwa kuanika upya. Inazuiwa mwanzo tu. Manjano yaoshwe siku yaliyochimbwa, yachemshwe dakika 45 hadi saa moja mpaka kijiti kipenye bila shida, kisha yaanikwe juu ya vichanja vilivyoinuka kutoka ardhini, yasigusane na lami wala udongo, yafunikwe kabla ya magharibi. Yakomee kwenye unyevu wa asilimia 10. Kama hamna kipimo, vunjeni kipande: kikivunjika kwa mlio wa chuma kimekauka, kikipinda bado. Pilipili manga itumbukizwe kwenye maji ya moto dakika moja au mbili, ianikwe mpaka asilimia 12. Msisage mzigo kabla ya kupata oda. Kiungo kizima huhifadhika, unga hunyonya unyevu na kuficha uchafu. Mdalasini khasa uacheni katika magome. Tangu 2024 mamlaka ya chakula ya Marekani imekuwa ikitoa onyo baada ya onyo kuhusu mdalasini wa kusaga uliokutwa na madini ya risasi, na wanunuzi wamekuwa waoga wa unga wowote. Vipimo vya risasi na vya sumukuvu vifanywe na maabara yenye ithibati kwa kipimo hichohicho. Ulizeni kabla ya kulipa, maana maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na isiwe nayo ya sumukuvu. Sampuli msichukue gunia la juu tu. Chukueni kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, mchanganye, ndipo mpeleke.

Uasili ndio jambo nitakalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mvutano wa wakubwa umelifanya kuwa la hatari. Nchi iliyopangiwa ushuru mkubwa hutafuta nchi ya kupitishia. Agosti 2025 Marekani ilijibu kwa kuweka asilimia 40 kwa mzigo utakaobainika kupitishwa nchi ya tatu ili kukwepa ushuru. Zanzibar ni bandari ya kupitishia bidhaa tangu enzi za majahazi ya msimu, na haitakuwa ajabu siku moja akaja mtu na manjano ya nje kwenye magunia yasiyo na alama, akitaka tu mbadilishe gunia na mtoe karatasi. Kubadilisha gunia hakubadilishi asili. Mkinaswa, atakayepoteza jina ni Pemba yote, pamoja na jirani yenu ambaye hakuhusika.

Kinga yake ni daftari. Kila mzigo unaoingia: tarehe, shehia, jina la mkulima, kilo mbichi, na namba ya kundi. Kila mzigo unaotoka: kilo kavu na namba ileile kwenye gunia. Mkaguzi anajua hesabu. Kilo 100 za manjano mabichi hutoa kilo 20 hadi 25 kavu. Daftari likionyesha mmenunua kilo 1,000 mbichi na mmeuza 600 kavu, hatahitaji kuuliza swali la pili. Cheti cha uasili wa bidhaa kina aina zake kwa kila soko, na kila aina ina ofisi yake ya kuitoa, kwa hiyo tajeni soko kwanza mnapokwenda kuuliza. Kwa Kenya na nchi nyengine za Afrika Mashariki ni rahisi: mzigo usiozidi dola 2,000 unapata cheti kilichorahisishwa na hautozwi ushuru wa forodha. Kutoka Wete, Mombasa iko karibu kuliko watu wanavyofikiri. (Karafuu ziwekeni kando ya mpango huu wote. Sheria inazipeleka ZSTC, shirika la biashara la serikali, na magendo yake yana kifungo.)

Usafiri mfupi tu. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Sham yalipoanza Novemba 2023, kampuni nyingi za meli zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Ulaya, siku kadhaa za ziada. Kwa mzigo wenu maana yake ni jasho la kontena: joto la mchana na baridi ya usiku hutoa matone kwenye bati la juu, yanadondokea magunia. Mfuko wa plastiki wa ndani uliofungwa vizuri, gunia nje, paleti chini, vifuko vya kunyonya unyevu vimening'inizwa. Viwe vimenunuliwa kabla ya siku ya kupakia, maana siku hiyo havipatikani.

China sasa. Ushuru sifuri ni kweli, lakini tangu Januari 2022 mzalishaji wa chakula wa nje lazima asajiliwe na forodha yao, na kwa bidhaa nyingi za mimea panahitajika makubaliano ya nchi na nchi kwanza. Zaidi ya hayo, wao wenyewe wanalima mdalasini na manjano kwa wingi. Kilo 400 haziwavutii. Ikiwa kuna cha kupeleka China kutoka Pemba ni mwani mkavu, tena kupitia makampuni yanayokusanya tani, na bei ya mwani ghafi ninyi mnaijua kuliko mimi.

Ghuba ningeitazama kabla ya China: Oman na Imarati hutoza kwa kawaida asilimia 5, ladha yetu wanaijua, na huko kuna ndugu zetu wengi wa kusema lugha moja na mnunuzi.

Lakini mnunuzi wa pili kabisa ningemtafuta Unguja. Mwaka 2024 waliingia Zanzibar watalii zaidi ya 700,000, na wote wanakula. Hoteli ya Kiwengwa inayonunua pilipili manga ya Pemba ni mauzo ya nje yasiyopanda meli ya nje: hakuna fomu ya forodha ya mgeni, hakuna ushuru, malipo kwa shilingi kama kanuni za 2025 zinavyotaka. Sabuni yenu ya mwani mahali pake ni hapo. Kuipeleka Ulaya kunataka ripoti ya usalama wa vipodozi kwa kila aina na mtu wa kuwajibika aliyeko huko, gharama ambayo sabuni ya kikundi haiwezi kuibeba. Hoteli inataka mambo mengine: ujazo usiobadilika, siku ya kuleta isiyobadilika, na stakabadhi halali ya kodi. Wapishi wakuu huondoka, kwa hiyo makubaliano yaandikwe na idara ya ununuzi, siyo na mpishi. Nanyi msisahau Februari 2022, vita vilipoanza Ukraine na mamia ya watalii wa nchi hiyo wakakwama hapa hotelini, kisha soko lao likakauka kwa usiku mmoja. Hoteli nazo ziko ndani ya dunia hiihii. Ndiyo maana nasema watatu.

Kiasi gani kwa kila mmoja? Hakuna namba iliyoteremshwa. Jiulizeni hivi: mnunuzi mkubwa akiondoka kesho, mtaweza kulipa vibarua na kununua kutoka kwa wakulima kwa miezi sita? Kwa robo tatu jibu ni hapana. Mkiishusha sehemu yake hadi kama nusu ya mauzo yenu yote, kwa kumwachia kiasi chake kilekile huku mkiongeza kwa wengine, mtavuta pumzi. Itachukua misimu miwili au mitatu, na msimu wa kwanza mtapata faida ndogo, kwa sababu vipimo, magunia na safari za Unguja vinalipiwa kabla ya oda kuja.

Wiki hii fanyeni moja tu: mwandikieni yule wa Marekani. Mwambieni mmefurahi kufanya naye kazi, mnaomba nakala ya 7501 ya mzigo wa mwisho, na kwamba ikiwa ushuru wa manjano umelipwa kweli mko tayari kushuka hadi dola 4.77, kwa oda isiyopungua kilo 400 na malipo ya awali ya asilimia 30. Ikiwa haukulipwa, bei ni dola 5 kama zamani. Mpeni siku kumi na nne. Akinyamaza, pakieni kilo 50 za mfano kwenye boti ya Unguja, zielekee Kiwengwa na Nungwi.